Msimu wa Majina Matupu

Ebersteg, Jumapili, 5 Mei 1957

Mheshimiwa Bibi Kolarik,

Kabla hujafika mstari wa pili, tafadhali funga mlango wa chumba ulichomo, na ukimaliza kusoma uitie barua hii jikoni motoni. Usimsomee mtu, hata dada yako. Sijaandika jina langu juu ya bahasha, na nimetumia karatasi ya nyumbani kwa bibi yangu, si ya ofisi. Neno moja likivuja, nitapoteza kazi niliyoipata miezi minane tu iliyopita. Nawe unaweza kupoteza zaidi.

Mimi ni Ottilie Prantner, karani msaidizi katika ofisi ya msimu ya Jumba la Opera la hapa Ebersteg, ambako wewe uliimba miaka ishirini kabla hujahamia Vienna. Kazi yangu ni kijitabu cha msimu ujao: matamasha manane na jioni sita za nyimbo. Jioni ya kwanza, tarehe 22 Oktoba, ni yako.

Labda ulisikia yaliyotupata mwaka jana. Mpiga fidla tuliyemwalika ni Profesa na pia ni Daktari, lakini kijitabu kilimwita Profesa tu. Alikisomea stesheni, akageuka palepale na kupanda treni ya kurudi. Tangu siku hiyo mkurugenzi wetu, Daktari Rauchegger, amesema kila cheo kithibitishwe kwa maandishi. Kwa hiyo mwezi Machi niliiandikia wizara kuuliza juu ya wasanii wetu kumi na mmoja wenye vyeo. Majibu yalikuja Ijumaa. Kumi wamethibitishwa.

Juu yako wameandika hivi: "Hatuna kumbukumbu yoyote kwamba Hermine Kolarik aliwahi kutunukiwa cheo cha Mwimbaji wa Ikulu."

Nilisoma mara nne. Hakuna mtu katika mji huu asiyekuita Mwimbaji wa Ikulu. Picha yako ya ukumbini ina maneno hayo chini yake. Bila shaka wizara imekosea, lakini sheria haijali. Tukichapa cheo ambacho hakijatolewa, polisi watakuja kwetu na kwako. Tusipokichapa, mji mzima utaliona pengo kabla haujaona kitu kingine chochote.

Barua ya wizara nimeificha ndani ya kamusi. Kijitabu kinakwenda kwa mchapaji Jumanne, tarehe 14. Nakuomba unipe tarehe uliyotunukiwa na, ikiwezekana, unionyeshe cheti. Nijibu kwa anwani ya bibi yangu, Bibi Prantner, Mtaa wa Watengeneza Ngozi namba 9.

Nabusu mkono wako,
O. Prantner


Vienna, 7 Mei 1957

Binti Prantner,

Nimefunga mlango. Niliufunga kwa nguvu hata jirani wa chini akagonga dari.

Nimeimba mbele ya mawaziri watatu na askofu mmoja, na hakuna aliyewahi kuniomba cheti. Sasa karani mwenye miezi minane ofisini anataka nimwonyeshe karatasi! Je, nikutumie na cheti cha kuzaliwa? Meno yangu je, ungependa kuyahesabu?

Nilitunukiwa mwaka 1937. Cheti kiliungua Machi 1945, bomu lilipoangukia nyumba yetu, pamoja na piano, mapazia ya mama yangu, na paka ambaye namkumbuka kwa huzuni hadi leo. Andika hivyo katika daftari lako.

Mimi si mtoto, binti. Bahasha isiyo na jina la mtumaji, karatasi ya nyumbani, siri, "utapoteza zaidi". Najua maana ya barua za namna hiyo. Basi sema wazi unataka nini. Kiti cha mbele? Una mdogo wako anayetaka kuingia kwaya? Wote huwa wana mdogo wao anayetaka kuingia kwaya.

Hermine Kolarik


Ebersteg, 9 Mei 1957

Mheshimiwa Bibi Kolarik,

Sina mdogo wangu. Mimi ni mtoto pekee, na sijui kuimba. Shuleni mwalimu aliniomba nifungue mdomo tu bila kutoa sauti. Nililia nilipoisoma barua yako, kisha nikaisoma tena nikaona kwamba kweli barua yangu ilinuka vitisho. Nisamehe. Sijawahi kuandika barua ya siri, sikujua huandikwaje.

Lakini nina habari njema! Uliposema cheti kiliungua, nilijua la kufanya. Nilimpigia simu rafiki niliyesoma naye, ambaye yuko kwenye hifadhi ya nyaraka, akaniambia madaftari ya mwaka 1937 hayakuungua. Yalifichwa kwenye mgodi wa chumvi mpaka vita vikaisha, na yako salama yote. Kwa hiyo jana nimeiandikia wizara kwa niaba ya Jumba la Opera, nikaomba walitafute jina lako katika madaftari hayo na watoe nakala ya cheti. Nimetumia muhuri wa ofisi ili wasichelewe. Watamjibu Daktari Rauchegger moja kwa moja, na aibu itabaki kwao.

Sasa unaweza kulala kwa amani.

Nabusu mkono wako,
Ottilie Prantner


TELEGRAMU
Vienna, 10 Mei 1957

IONDOE BARUA ILE KUTOKA WIZARANI KWA NJIA YOYOTE STOP NAKUANDIKIA KESHO STOP KOLARIK


Vienna, 11 Mei 1957

Binti Prantner,

Nilianza barua hii mara tatu, na zote tatu nilikuwa nakutukana. Hii ya nne sina nguvu ya kutukana.

Daftari la mwaka 1937 halina jina langu. Hata la 1938 halina. Utaona kwa nini.

Mwishoni mwa 1937 mkuu mmoja wa idara alinikuta kwenye ngazi za wizara, akanivulia kofia na kusema, "Hongera, Bibi Mwimbaji wa Ikulu. Orodha imepita, bado sahihi tu." Sherehe ikapangwa Jumanne, 15 Machi 1938. Gazeti la Ebersteg likaandika. Mama yangu, ambaye maisha yake yote alifua nguo za watu, akaenda kuagiza kadi mia mbili zenye jina langu na cheo, zenye ukingo wa dhahabu. Jumamosi ya tarehe 12 majeshi ya Wajerumani yakaingia nchini. Jumanne hapakuwa na sherehe wala wizara. Yule mkuu wa idara alikuwa ameshakamatwa, akapakiwa kwenye treni ya wafungwa, na hakurudi.

Nilitaka kusema. Lakini bawabu wa jumba lenu alikwisha kuniita hivyo. Kisha muuza nyama. Kisha padri. Mama akawa anakaa mlangoni kuwasikia watu wakinisalimu. Ningemwambia nini? Alikufa 1941 akiamini. Baada ya hapo nikajiambia kwamba vita vikiisha nitalirekebisha, na vilipoisha kila mtu alikuwa na jambo kubwa zaidi la kurekebisha.

Tazama mikataba yangu yote iliyomo kabatini kwenu. Hakuna hata mmoja nilioutia sahihi kwa cheo hicho. Huo ndio ujanja wangu: sikusema uongo, niliwaacha watu waseme. Miaka kumi na tisa nimekuwa naitikia.

Sasa nitafutie njia ya kutoka. Mwambie Rauchegger kwamba koo langu limeharibika na daktari amenikataza kuimba. Andikeni jina la msichana yeyote kwenye nafasi ya tarehe 22 Oktoba. Wizara ikijibu, watakuwa wanajibu juu ya mwanamke ambaye hayumo tena kwenye kijitabu chenu.

Paka ni kweli. Na nilikukosea juu ya yule mdogo wako.

Hermine Kolarik


Ebersteg, Posta Kuu, Jumanne, 14 Mei 1957, saa nane mchana

Mheshimiwa Bibi Kolarik,

Sikuandika kwamba koo lako limeharibika, na sitaandika. Nakuandikia nimesimama kwenye meza ya posta.

Kwanza wizara. Nilipiga simu, nikasema mimi ni karani mjinga na nimetuma barua kimakosa, naomba nirudishiwe. Yule bwana alicheka mpaka akakohoa. "Binti, barua yako ni ya juzi. Hapa barua za madaftari ya zamani huchukua miezi minne kutoka meza ya kwanza kwenda ya pili, na meza ya pili iko likizo." Kwa hiyo tuna muda.

Kisha kijitabu. Usiku kucha nilifikiria pengo lile mbele ya jina lako. Asubuhi nikaona kwamba pengo huonekana kwa sababu majirani zake wamejaa. Daktari Rauchegger alikwisha kutia sahihi nakala ya mwisho. Nikaichukua mpaka kwa mchapaji, nikamwambia mzee Burian, msimamizi wa mitambo, aondoe vyeo vyote. Vya watu wote. Profesa, Daktari, Mshauri wa Muziki, Mwimbaji wa Ikulu, kila kitu. Yabaki majina.

Alivua miwani. "Binti, umekunywa nini asubuhi hii?"

"Kahawa."

"Strobl bila Profesa? Yule hata akiota usingizini anajiita Profesa! Mkewe humwita Profesa chumbani!"

"Ni agizo la ofisi, mzee wangu."

"La ofisi, au la kwako?"

Nikasema, "Mimi ni ofisi." Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Akavaa tena miwani, akawaita wenzake: "Haya vijana, leteni koleo, leo tunawavua waheshimiwa nguo!" Wakacheka saa nzima wakitoa herufi za risasi moja moja. Nilikaa hapo mpaka karatasi ya kwanza ikatoka. Wasanii wote wa msimu mzima wamesimama pale na majina waliyopewa na mama zao. Lako halina pengo.

Naogopa sana. Lakini nakuomba jambo moja: usijitoe. Nimekusikia ukiimba mara moja, nikiwa na miaka kumi na tatu, nimesimama juu kabisa karibu na dari ambako hatukuwaona watu wala kadi zao.

Ottilie Prantner


Jumba la Opera la Ebersteg
Ofisi ya Mkurugenzi
4 Juni 1957

Kwa Mtukufu sana Bibi Hermine Kolarik, Mwimbaji wa Ikulu, Vienna

Bibi mtukufu,

Kwa fedheha isiyo na kifani nakiri kwamba kijitabu chetu cha msimu kimesambazwa kwa watu elfu tatu kikiwa na majina ya wasanii matupu kama ya wachezaji mpira. Hadi leo nimepokea barua za malalamiko kumi. Profesa Strobl ametuma ya kwake kupitia wakili. Wewe peke yako hujalalamika, na uungwana huo umenigusa moyo.

Mhusika ni karani msaidizi aitwaye Prantner. Anasema alikosea. Mtu hakosei mara kumi na moja kwa mstari ulionyooka, Bibi mtukufu. Nimemuuliza sababu siku tatu mfululizo, naye anatazama sakafu. Asipoieleza kufikia tarehe 11, atafukuzwa kazi bila barua ya sifa.

Wakati huohuo tunachapa karatasi ya masahihisho yenye vyeo vyote kumi na kimoja, itakayotiwa ndani ya kila kijitabu. Tafadhali thibitisha kwa sahihi yako jinsi cheo chako kinavyopaswa kuandikwa, na tarehe ya kutunukiwa.

Nabusu mkono wako kwa unyenyekevu,
Dkt. Egmont Rauchegger


Vienna, 6 Juni 1957

Bwana Daktari Rauchegger,

Kwenye karatasi yako ya masahihisho andika vyeo kumi. Cha kumi na moja hakipo. Sikutunukiwa kamwe. Kilipangwa kutolewa Machi 1938, na wewe una umri wa kutosha kukumbuka kwa nini mambo mengi ya Machi hiyo hayakufanyika. Watu waliniita hivyo nami nikanyamaza. Kosa la kunyamaza ni langu.

Karani Prantner alikuwa na barua ya wizara mkononi tangu mwanzo. Angeweza kukuletea na kupandishwa daraja. Badala yake aliniandikia mimi kwanza, na hata mimi nilipomtukana hakukuletea. Siku tatu unamuuliza, naye anatazama sakafu kwa ajili yangu. Ukimfukuza, nitakuja na treni ya saa mbili asubuhi na kuisoma barua hii kwa sauti ukumbini kwako, na unajua sauti yangu inafika wapi.

Iandike hivi: Hermine Kolarik.

Hermine Kolarik


Vienna, 20 Juni 1957

Ottilie,

Rauchegger ameniandikia mistari minne. Anauliza kama "katika hali iliyopo" bado ninataka kuimba, na anataka jibu kufikia Ijumaa, tarehe 28. Hasemi lolote juu yako. Uko wapi? Na niambie ukweli, maana yeye hatasema: wangapi wamerudisha tiketi? Nina miaka sitini na moja. Ninaweza kusimama mbele ya watu wanaonichukia, nimeshafanya hivyo. Mbele ya viti vitupu sijui.

H. K.


Ebersteg, Jumatatu, 24 Juni 1957

Mpendwa Bibi Kolarik,

Thelathini na moja.

Ulitaka ukweli, ndio huo. Ukumbi mdogo una viti mia nne na kumi na viwili, na vyote vilikuwa vimeuzwa. Bibi Zach wa dirisha la tiketi ameniandikia kila aliyekuja, na maneno yake. Mjane wa Diwani Hölzl aliipiga tiketi mezani akisema, "Miaka yote ile nilimwinamia mwanamke huyo sokoni!" Bibi Zach akamjibu, "Basi mgongo wako umepata mazoezi, Bibi Diwani." Mwingine alisema angekusamehe hata kama ungeua mtu, lakini si hili. Wanne walirudisha, wakaenda mpaka mlangoni, wakarudi kuzichukua tena.

Viti kumi na vinne kati ya hivyo vilivyorudishwa vimenunuliwa upya, vingi na wanafunzi na wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji. Mzee Burian amechukua viwili. Amesema anataka kumwona mtu ambaye kwa ajili yake aling'oa herufi mia moja na sitini. Sikumwambia kitu. Amejua mwenyewe aliposoma karatasi ya masahihisho, kama mji wote. Vyeo kumi, na chini yake jina lako peke yake. Kwa hiyo vitupu ni kumi na saba. Sitakudanganya kwamba vitajaa.

Kuhusu mimi. Barua yako ilipofika, Daktari Rauchegger aliniita, akafunga mlango, akaisoma mbele yangu amesimama. Alipofika Machi 1938 alikaa chini.

"Prantner, ulijua?"

"Nilijua, Bwana Daktari."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe tatu Mei."

"Na hukuona vema kuniambia mimi, mkuu wako?"

"Ningekuambia, ungelazimika kufanya jambo, Bwana Daktari."

Alitazama dirishani. Nilidhani ananitafutia neno la kunifukuzia. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Katika ofisi yangu sitaki mtu anayebadilisha kitu chenye sahihi yangu. Ghala la mavazi linahitaji mtu. Huko angalau mavazi hayana vyeo." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Nami nilikuwa na kadi za cheo kilichokuwa kitolewe Machi 1938, Prantner. Nilizichoma mwenyewe." Sikuthubutu kumuuliza ni cheo gani.

Kwa hiyo sijafukuzwa. Nimehamishwa, mshahara ni uleule, na mikono inanuka kafuri ya kufukuza nondo wa nguo. Bibi yangu haniongeleshi. Anasema nilikuwa na meza yenye droo na nimeitupa. Niliogopa jambo hili tangu siku ya kwanza kazini, sasa limetokea, na asubuhi ninaamka, ninavaa viatu, ninakwenda kazini.

Bibi Kolarik, sikuondoa vyeo vya watu kumi ili ukae Vienna na koo zima. Mkurugenzi ana msichana wa kuchukua nafasi yako tayari. Nimeona vipimo vyake vya gauni, vimeletwa kwangu Alhamisi. Nimeviweka chini kabisa ya rundo. Mkataba wako unasema gauni la jioni ya tarehe 22 linatoka kwetu, na sitakata kitambaa kwa mtu mwingine mpaka Ijumaa ipite na niwe nimelisikia jibu lako. Mwandikie leo. Neno moja linatosha. Halafu njoo upimwe.

Ghala letu la mavazi haliko tena katika jumba kuu. Kutoka stesheni panda tramu namba 4 mpaka mwisho, kwenye kiwanda cha zamani cha bia. Usivute kengele ya lango la mbele. Inalia nyumbani kwa mlinzi, na mlinzi ni kiziwi. Zunguka upande wa ghala la makaa ya mawe, utaona mlango wa kijani, panda ngazi ya chuma na ushike ukingo wa kulia kwa sababu wa kushoto umelegea. Nipo Jumatano na Alhamisi mpaka saa kumi. Simu hatuna. Ukichelewa treni, piga namba 217, duka la mikate la Bibi Lackner, tunapakana naye. Atapiga ukuta kwa ufagio nami nitakwenda kukusikiliza. Mwambie jina langu kwa sauti, hakuna haja ya kunong'ona. Na uje na viatu utakavyovaa jukwaani, kwa sababu pindo halipimwi mtu akiwa na viatu vingine.

Ottilie